Sura ya Sita: Kuachisha Ziwa Mimea ya Chupa

Kikopo chenyewe hakizidi upana wa kiganja. Kifuniko chake kimebana, chini kuna tabaka la jeli, na juu ya jeli majani mabichi yamesongamana kiasi kwamba huwezi kuhesabu mashina. Mfugaji wa samaki wa mapambo hukinunua kwa bei isiyo ndogo, akapanda kilichomo tangini, na baada ya siku kumi majani yanageuka utelezi na kupotea. Hapo lawama humwangukia muuzaji, au maji, au mbolea. Mara nyingi wote wanasingiziwa. Mmea ule ulikuwa mzima, pengine mzima kuliko wowote uliowahi kuingia kwenye tangi lile. Ila haujawahi kujilisha hata siku moja. Tangu ukiwa kipande kidogo maabara umekuwa ukilishwa sukari. Siku unayoutoa kwenye jeli ndiyo siku ya kuachishwa ziwa, na kazi ya mfugaji katika wiki sita zinazofuata ni kuufikisha mahali ambapo utajitengenezea chakula wenyewe. Yote nitakayoeleza katika sura hii yanatokana na jambo hilo moja.

Wazo la kukuza mmea ndani ya chupa lina zaidi ya karne. Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea wa Austria, Gottlieb Haberlandt, alieleza kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kuwa mmea mzima ikipata mazingira yanayofaa. Alitenga seli za majani akaziweka kwenye maji yenye virutubisho. Ziliishi kwa muda na zikanenepa, lakini hakuna iliyogawanyika. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kuthibitika kwamba alisema kweli: mwaka 1958 Frederick Steward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kuwa seli zilizotolewa kwenye mzizi wa karoti zinaweza kukua zikawa mimea mizima ya karoti. Kilichozichochea seli zile kilikuwa kitu anachokijua kila mtoto wa Tanga na Lamu, yaani maji ya nazi. Ndani yake mna homoni za kundi la sitokinini, zinazoichochea seli igawanyike, na hadi leo wapo wakuzaji wa okidi wanaoyaongeza kwenye chakula cha miche yao.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Folke Skoog na Carlos Miller walikuwa wameonyesha kwamba sitokinini hufanya kazi kwa kupimana nguvu na homoni nyingine, oksini. Oksini ikizidi, kipande cha mmea hutoa mizizi. Sitokinini ikizidi, hutoa machipukizi. Kisha mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakachapisha vipimo vya chumvi walivyovipata wakichunguza tishu za tumbaku. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika mpaka sasa katika maabara nyingi duniani, iwe zinakuza viazi, migomba au majani ya kupamba tangi la samaki.

Afrika Mashariki tuliijua teknolojia hii kupitia mgomba. Tangu miaka ya 1990 miche ya tishu imekuwa ikipelekwa kwa wakulima wa Kenya, na Uganda na Tanzania nazo zina maabara zake. Mkulima huipendea usafi: haiji na fukusi wala minyoo ya mizizi kutoka shamba la jirani. Mfugaji wa samaki huipenda mimea ya chupa kwa sababu hiyo hiyo. Mmea uliokuzwa kwenye chungu huweza kuleta mayai ya konokono, nyuzi za ukoga na mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Samaki anaweza kuyastahimili mabaki hayo, lakini kamba wadogo wa mapambo hufa. Kwa anayefuga kamba mimi simshauri mmea mwingine wowote. Bei ya kikopo inalipwa na sababu hii peke yake.

Tazama sasa jinsi kikopo kinavyotengenezwa. Maabara huchukua ncha ya chipukizi la mmea mama, kipande cha milimita chache. Hukiosha, hukizamisha kwa muda mfupi kwenye spiriti ya asilimia 70, kisha kwenye maji yenye jiki, halafu hukisuuza mara kadhaa kwa maji yasiyo na kijidudu. Kuanzia hapo kila kitu hufanyika mbele ya hewa iliyochujwa. Jeli inayokipokea kwa kawaida huwa na gramu 30 za sukari na gramu 7 au 8 za agari kwa lita, pamoja na zile chumvi za Murashige na Skoog. pH hurekebishwa ifike 5.7 au 5.8, kisha mchanganyiko hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi, kwa dakika 15 hadi 20. Agari hutoka kwenye mwani mwekundu, ingawa si huu unaolimwa Paje na Jambiani. Mwani wa Zanzibar hutoa karajini, ambayo nayo hugandisha, lakini maabara zimezoea agari.

Sitokinini ikitiwa ya kutosha, kipande kimoja hutoa machipukizi mengi. Baada ya wiki kadhaa hukatwa, hugawanywa na kuhamishiwa jeli mpya. Chipukizi moja likitoa matano kila mzunguko, mizunguko sita tu hutoa zaidi ya 15,000. Hesabu hiyo ina maana kubwa kwa mmea kama Anubias, ambao ni Mwafrika mwenzetu. Asili yake ni misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kamerun, Gabon na Kongo zikiwemo, ambako hushika mawe na mizizi kando ya vijito, huku maji yakipanda na kushuka juu yake kwa majira. Anubias hukua polepole mno. Jani moja jipya huweza kuchukua wiki tatu au zaidi. Bila chupa, kuuzidisha kulitegemea kukata shina lake vipande na kungoja miezi mingi.

Nirudi kwa mgomba, kwa sababu tofauti yake na mmea wa tangi inafundisha mengi. Yote miwili imekulia ndani ya chombo chenye unyevu wa asilimia karibu 100. Majani yake hayajawahi kuhitaji kujikinga na ukavu, hivyo nta ya juu ya jani ni nyembamba, na stomata, yaani matundu ya kupumulia, hazijui kufunga vizuri. Mche wa mgomba ukitolewa ghafla kwenye upepo hukauka. Ndiyo maana hukaa kwanza chini ya nailoni na kivuli kwa wiki kadhaa, ukizoeshwa kidogo kidogo.

Mmea wa tangi hauna hofu hiyo ukishazama. Wembamba wa nta unausaidia, maana jani la majini hufyonza gesi na virutubisho moja kwa moja kupitia ngozi yake. Hatari yake ni njaa. Ili kujitengenezea chakula kwa nuru, jani linahitaji hewa ya ukaa, na ndani ya maji hewa hiyo husafiri kwa mwendo ulio polepole takribani mara 10,000 kuliko angani. Maji yaliyokaa wazi bila kuongezewa chochote huwa na chini ya miligramu 1 ya hewa ya ukaa kwa lita. Ongeza hapo kwamba majani ya kwenye kikopo kwa kawaida yameota yakiwa juu ya jeli, hewani, wala si majini. Kwa hiyo siku ya kwanza tangini mmea unapoteza sukari, unapoteza hewa, na unabaki na majani yaliyoumbwa kwa maisha mengine. Unachofanya ni kuyabomoa majani hayo na kupeleka kilichomo kwenye ncha inayokua, ili uumbe majani mapya ya kuishi majini. Huko ndiko wafugaji wanakokuita kuyeyuka.

Ukilielewa hilo, utaacha kuukimbilia mfuko wa mbolea kila jani linapogeuka rangi. Mmea hauwezi kutumia naitrojeni na chuma ulivyoutilia ikiwa hauna kaboni ya kuviunga. Wala taa kali haiuokoi. Mwanga ukizidi uwezo wa mmea, anayefaidika ni ukoga, ambao huridhika na hewa ya ukaa kidogo kabisa. Nimeona matangi mengi mazuri yakiharibiwa na huruma ya namna hii, na inauma, kwa sababu mwenye tangi alikuwa akijitahidi.

Basi tuanze na dukani. Inua kikopo ukitazame chini. Mizizi iwe myeupe, jeli iwe safi. Ukiona utando wa kuvu au madoa yenye rangi ndani ya jeli, kiache. Kijidudu kimeshaingia na sukari ile ni karamu yake. Majani ya njano ya chini si tatizo kubwa, lakini kikopo kilichojaa maji ya kahawia kimekaa muda mrefu. Kama hupandi siku hiyo, kiweke mahali penye mwanga wa kawaida usio wa jua moja kwa moja na pasipo joto kali. Jokofu halifai, hii ni mimea ya nchi za joto, na baridi ile huiumiza. Na usikifungue mpaka bakuli la maji liwe tayari, kwa sababu majani yasiyo na nta yakipigwa na feni hunyauka ndani ya dakika.

Jeli lazima itoke yote. Hapa ndipo haraka inapoponza. Tumbukiza kipande kizima kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, kiache kilainike, kisha kitikise taratibu huku ukiichambua jeli kwa vidole. Badilisha maji mpaka vidole visihisi utelezi. Jeli inayobaki kwenye mizizi ina sukari, na bakteria wa tangini huila kwa kasi wakitumia oksijeni yote iliyo karibu na mzizi. Ule ukungu mweupe unaoonekana siku ya tatu kwenye shina la mmea mpya mara nyingi umeanzia hapo.

Kisha ugawe. Kikopo kimoja cha mmea wa zulia, kwa mfano Hemianthus callitrichoides wa Cuba au Micranthemum tweediei wa Argentina, hutoa vifungu sita hadi kumi. Usiuvunje mpaka shina mojamoja. Kifungu kidogo chenye mashina kadhaa hushika vizuri zaidi. Kwa kibano kirefu, kizamishe kwenye udongo mpaka ncha tu zibaki juu, kisha vuta kibano taratibu huku ukikitikisa kidogo. Kinachoonekana kama kuuzika mmea mzima mzima ndiyo njia sahihi, kwani mimea hii hupenda kuelea, na ncha zitachomoza zenyewe. Cryptocoryne, inayotoka Sri Lanka na nchi nyingine za Asia, hupandwa kwa mizizi na kitovu chake kuachwa juu. Hii ni hodari wa kuyeyuka. Inaweza kupoteza kila jani na bado mizizi ikawa hai chini ya changarawe, kisha wiki chache baadaye vijani vya kahawia vikachomoza. Anayeing'oa kwa kudhani imekufa anatupa mmea mzima.

Anubias ni kesi ya peke yake. Shina lake nene hutambaa, na shina hilo likizikwa huoza, iwe mmea umetoka chungu au chupa. Lifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa kushonea, au libandike kwa tone la gundi ya supa ya aina ya jeli, ambayo hugandia hata penye unyevu. Wakati wa kuusafisha, bonyeza shina kwa kucha. Lililo hai ni gumu. Lililolainika na kutoa harufu likatwe mpaka ufike penye nyama safi ya kijani au nyeupe. Miche ya Anubias ya kwenye chupa ni midogo mno, majani mengine hayazidi ukucha, na kwa miezi ya kwanza huenda usione kikubwa. Upe kivuli cha mimea mingine. Mwanga mkali juu ya jani linalokua polepole hivyo hulifunika ukoga kabla halijafikisha umri.

Wiki mbili za kwanza ni za maji na hewa. Taa iwake saa sita hadi saba kwa siku, isizidi. Badilisha nusu ya maji mara mbili au tatu kwa wiki, hasa kama umetumia udongo maalumu wa matangi, ambao ukiwa mpya hutoa amonia nyingi. Samaki wasiingie mpaka amonia iishe. Majani yaliyokufa yaondoe kwa mpira wa kunyonyea maji, lakini usiing'oe mizizi. Na hakikisha maji yanatembea mpaka kona ya mwisho ya tangi. Juu ya kila jani kuna tabaka jembamba la maji yaliyosimama, na mkondo ndio unaolipunguza ili hewa ya ukaa ifike. Pampu ndogo iliyoelekezwa vizuri husaidia kuliko chupa mbili za mbolea.

Hewa ya ukaa yenyewe, kwa mwenye mtungi na kifaa cha kudhibiti shinikizo, ilengwe miligramu 20 hadi 30 kwa lita wakati taa inawaka, na ifungwe usiku. Asiye na mtungi achukue chupa ya plastiki ya lita mbili, atie gramu 200 za sukari, nusu kijiko cha chai cha hamira na maji ya vuguvugu mpaka karibu na shingo. Mpira mwembamba utoke kwenye kizibo, upitie chupa ya pili yenye maji ili povu lisifike tangini, kisha uishie kwenye jiwe la kutoa viputo. Huendelea kwa takribani wiki mbili. Chupa hiyo isibanwe kabisa bila njia ya kutokea hewa, maana itapasuka. Na kwa kuwa hamira haizimwi usiku, washa pampu ya hewa taa zinapozimwa. Samaki wakianza kuhema juu ya maji, hewa ya ukaa imezidi. Waokoe kwanza, mimea itasubiri.

Iko njia nyingine, nayo ndiyo ninayoipendelea kwa mimea ya zulia: kuanza bila maji. Panda vifungu kwenye udongo uliolowa wakati tangi ni tupu, funika juu kwa nailoni, washa taa, na fungua kwa dakika chache kila siku ili hewa ibadilike na kuvu isitande. Mmea unabaki hewani, mahali majani yake yalipozoea, na hewa ya ukaa inaufikia bila taabu. Kwa wiki nne hadi nane mizizi hushika na zulia hufunga. Ukijaza maji, bado mmea utabadilisha majani, lakini sasa una mizizi na akiba. Kwa asiye na mtungi wala subira ya hamira, sijui njia iliyo bora kuliko hii. Haifai kwa Anubias iliyofungwa kwenye jiwe kavu, isipokuwa ukilinyunyizia maji kila siku.

Mazingira yetu yana mambo yake. Mingi ya mimea hii hukua vizuri kati ya nyuzi 22 na 26, ilhali tangi la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari hufika 30 bila taabu. Maji ya joto hushika gesi kidogo, huku mmea ukitumia akiba yake haraka zaidi, kwa hiyo njaa ile ya mwanzo huwa kali mara mbili. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu kwa kuyavukiza. Ongezea kilichopungua kwa maji ya mvua, ili chumvi zisirundikane. Visima vingi vya Dar vina maji yenye chumvi, na mmea wa Borneo au Cuba hauna la kufanya nayo. Maji ya bomba yana klorini. Yaache wazi siku nzima yakitiwa viputo, au tumia dawa ya kuiondoa. Na kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ni magumu na pH yake hukaribia 9, wasipoteze fedha kwa mazulia. Wabandike Anubias kwenye mawe, na wapande Vallisneria, ambayo inaota ndani ya ziwa lenyewe.

Karibu na wiki ya nne utaona majani mapya yenye umbo tofauti kidogo na yale ya kikopo, mara nyingi marefu zaidi au membamba zaidi. Hayo ndiyo majani ya majini. Hapo mbolea inaanza kuwa na maana, nusu ya kipimo cha kwenye chupa kwanza, na muda wa taa unaweza kuongezwa hadi saa nane. Hapo pia mkasi unaingia. Zulia likatwe mapema, lingali fupi, ili litambae kwa upana; likirefuka sana, mashina ya chini hukosa mwanga, huoza, na zulia zima hunyanyuka na kuelea.

Vipande vilivyokatwa vina uhai, na vikifika mtoni au ziwani huweza kuota na kuenea. Gugu maji, asili yake Amerika Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katikati ya miaka ya 1990 lilikuwa limeziba bandari na kuwanyima wavuvi njia. Salvinia nayo iliwahi kulifunika Ziwa Naivasha. Yote miwili hupendwa kama pambo la maji. Kwa hiyo usimimine maji ya kupogolea kwenye mtaro wala mto. Yachuje kwa kitambaa, anika mabaki juani mpaka yakauke kabisa, kisha yatie kwenye mboji. Vifungu vizuri vyenye mizizi mpe jirani anayefuga samaki. Hivyo vimeshajifunza kuishi majini, na havitayeyuka kwake kama vilivyoyeyuka kwako.